Sumbala Isiyonuka

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, Bwana Somé aliingia darasani mikono mitupu, bila kitabu wala chaki, akaketi juu ya meza yake na kutuambia tufunge madaftari. Alikuwa akitufundisha uchumi kidato cha tano, na mpaka siku hiyo uchumi kwetu ulikuwa ni kunakili ya ubaoni hadi vidole vife ganzi.

"Mwaka huu sitawaeleza kampuni ni nini," alisema. "Mtakuwa nayo. Mtaianzisha leo, mtaiendesha wenyewe, na mwezi wa tano tutaifunga, iwe imenenepa au imekonda. Mimi nitakaa pale nyuma. Nikiona mnaelekea shimoni nitanyamaza."

"Hata shimo likiwa refu, mwalimu?" aliuliza Rosine Kambou, ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite bila swali.

"Hasa likiwa refu."

Kwanza ilibidi tuchague mkurugenzi. Hapa Bobo-Dioulasso sisi Wabobo ndio wenyeji, na katika darasa lile la watu thelathini na wawili, kumi na saba tulikuwa wa ukoo wa Sanou, kiasi kwamba mwalimu akiita "Sanou" nusu ya darasa ilisimama. Ungetegemea tumpe cheo mmoja wetu. Tulimpa Hamidou Barry, Mfulani, kwa kura ishirini na sita. Mbobo na Mfulani ni watani. Mtani unamwambia lolote na haruhusiwi kukasirika, na sisi tulitaka mkurugenzi ambaye tungeweza kumsema bila kuitwa ofisini.

Hamidou alisimama, mrefu, mwembamba, akanyoosha kola ya shati. "Baba yangu ana ng'ombe arobaini," alisema taratibu. "Nimewachunga tangu nina miaka sita. Nyinyi mko thelathini na mmoja tu, na hamna hata pembe. Asanteni kwa kuniamini."

Darasa likacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Kazi ya pili ilikuwa kuamua tutengeneze nini. Mmoja akataja juisi ya maua ya bisapu, mwingine sabuni, mwingine fulana zenye picha. Bwana Somé aliandika kila wazo ubaoni. Hamidou alikuwa bado amesimama, na mimi, Alimata Sanou, nilikuwa nimekaa kwenye dawati lake, maana tulikuwa tukikaa pamoja tangu mwaka uliotangulia. Akaniangalia, akaangalia mkoba wangu, akaziba pua kwa vidole viwili.

"Mimi napendekeza sumbala isiyonuka," alisema. "Ili na sisi tunaokaa karibu na Alimata tupate kupumua kabla ya mtihani."

Walicheka tena. Nilicheka na mimi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa nikiishi na Shangazi Mawa, dada yake baba, na Shangazi Mawa anatengeneza sumbala, kiungo cha mchuzi cha mbegu zilizovundikwa. Bila sumbala mchuzi wetu ni maji ya moto tu. Lakini mbegu za mti wa mnere zikishavundikwa siku tatu kwenye magunia, harufu yake inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye kurasa za daftari. Utani haukasirikiwi. Hakuna sheria, hata hivyo, inayokataza mtu kufua sare mara mbili kila Jumamosi, na mimi nilikuwa nikifua yangu mara tatu.

Bwana Somé akaandika ubaoni: *sumbala isiyonuka*. Akageuka. "Nani kati yenu angependa ile ya nyumbani kwao isinuke?"

Mikono ikapanda kama darasa la watoto walioahidiwa peremende. Nadhani wangu ulitangulia.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kampuni yetu, Pua Salama. Kila mwanafunzi alinunua hisa moja, Shangazi Mawa akanunua mbili, na mimi nikafanywa mkuu wa uzalishaji, kwa kuwa vyungu vilikuwa kwetu. Rosine alipewa mauzo, kwa kuwa mdomo ulikuwa kwake.

Shangazi Mawa alitupokea uani kwake Alhamisi mchana, wanafunzi wanane waliovaa sare safi. Ni mwanamke mfupi, mpana, ambaye hapandishi sauti hata akikufukuza. Alimtazama Hamidou toka juu mpaka chini.

"Huyu Mfulani kaja kufanya nini? Hapa hakuna maziwa."

"Nimekuja kuwasimamia, mama. Mimi ndiye mkurugenzi."

"Babu yako tulimnunua kwa kibuyu cha pombe, na chenji tukadai. Shika mchi."

Hamidou akashika mchi. Tulichemsha mbegu mchana kutwa, tukazitwanga na majivu hadi maganda yakatoka, tukaziosha, tukazichemsha tena, tukazifunika. Siku ya tatu tulipofunua magunia, Rosine alikwenda kusimama barabarani na kudai kwamba anaangalia soko.

Kutoka hapo tukaanza kuiondoa harufu. Tulianika sumbala juani siku nne, bado ilinuka. Tukaichanganya na tangawizi, ikanuka sumbala na tangawizi. Tukajaribu majani ya mlimau, tukajaribu kuifukiza moshi kama kina Hamidou wanavyofukiza vibuyu vya maziwa. Mwisho tuliikaanga kwenye sufuria kavu, moto mkali, mpaka ikawa nyeusi na kuanza kulia paa paa. Tukaisaga. Tukainusa mmoja mmoja. Haikuwa na harufu hata kidogo.

Nilimpelekea shangazi kijiko kimoja. Aliuweka ule unga ulimini, akafumba macho.

"Ni nzuri?" niliuliza.

"Nzuri. Ni kahawa?"

"Ni sumbala, shangazi."

"Basi mmeipika mpaka imesahau jina lake." Akanirudishia kijiko. "Mimi nina hisa mbili humu. Siongezi ya tatu."

Tulijiambia kwamba yeye ni mtu wa zamani. Tukaitia kwenye pakiti ndogo safi, tukabandika karatasi yenye mchoro wa pua inayotabasamu, na Jumamosi tukapanga meza sokoni, katikati kabisa ya wauza viungo. Rosine alivaa kitambaa cha kichwa cha dada yake ili aonekane mkubwa.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kikapu cha bamia. Alifungua pakiti ya kuonjesha, akanusa. Akanusa tena. Akaigeuza, akanusa chini.

"Hii nini?"

"Sumbala, mama. Ya kisasa. Haina harufu."

"Haina harufu kwa nini? Inaumwa?"

"Tumeiondoa, mama, isikusumbue."

"Nani kasema inanisumbua?" Akamwita mwenzake. "Awa, njoo uone. Watoto wa shule wameua sumbala, wameizika kwenye nailoni."

Awa naye akaja, akanusa. "Sumbala gani hii inaingia nyumbani bila kubisha hodi? Mume wangu atajuaje kwamba chakula kinaiva?"

Mpaka saa nane mchana, wanawake wasiopungua arobaini walikuwa wamenusa na kurudisha, wengine wakiita jamaa zao waje kunusa na wao, kana kwamba tumeleta mnyama wa ajabu. Tuliuza pakiti nne. Tatu alinunua Bwana Somé, ambaye alipita na baiskeli yake. Ya nne alinunua mzee mmoja, askari mstaafu, bila kuuliza ni nini.

Jumatatu darasa lilichafuka. Rosine alisimama akasema yeye anaweza kumuuzia samaki maji, lakini hawezi kuuza kitu ambacho mteja anakipa pole. Wengine walitaka mkurugenzi ajiuzulu.

"Mlinichagua ili mnitukane," alisema Hamidou. "Basi nitukaneni, lakini hapa siondoki. Ng'ombe hawamfukuzi mchungaji."

"Ng'ombe hawajawahi kuambiwa wasinuke," nilisema.

Nilisema kwa sauti ndogo, na sikucheka mwishoni, kama mtu anavyotakiwa. Hamidou aliniangalia, kisha akashusha macho kwenye daftari lake. Siku nzima hakunitania. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na nilijiona kama niliyemnyima mtu salamu. Bwana Somé, kule nyuma, alinyamaza kama alivyoahidi.

Jumatano yule mzee mstaafu alikuja hadi langoni mwa shule na kuulizia wale vijana wa kahawa. Alikuwa ameichemsha ile pakiti, akaitia sukari, na akasema tangu aache jeshi hajapata kahawa inayomwamsha vile bila kumpandisha mapigo ya moyo. Rosine hakupepesa jicho. Alimuuzia shehena yote iliyobaki, na alipoulizwa ile pua kwenye karatasi ina maana gani, alijibu kwamba kahawa nzuri hujulikana kwa pua.

Tukawa tumeokoka, lakini hatukuwa na bidhaa. Krismasi ikapita, Januari ikaanza, na Pua Salama ilikuwa kampuni yenye jina na mkurugenzi tu.

Jumamosi moja Shangazi Mawa alitaka kumpelekea binti yake, Salimata, kilo tano za sumbala huko Abidjan alikoolewa. Hamidou alikuwa amekuja uani asubuhi ile. Alisema amekuja kukagua vyungu vya kampuni, ingawa vyungu havikuwa vya kampuni. Shangazi akamtwika gunia kichwani bila kumuuliza.

"Mkurugenzi abebe," alisema. "Na usitembee mbele, upepo unatoka huko."

Tulikwenda watatu mpaka kituo cha mabasi. Mpakizi wa mizigo, jamaa mmoja mnene aliyeitwa Lassina, alituona tungali mbali akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana, mama. Sumbala haipandi."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki jana. Abiria wamepigana mpaka dereva akasimamisha gari porini. Nikiweka juu, dirishani inaingia. Nikiweka chini, mabegi ya watu yote yanafika yananuka, na mimi ndiye ninayepigiwa simu. Bosi amekataza."

"Mwanangu hajala mchuzi wa maana tangu Ramadhani."

"Hata mke wangu anauza sumbala, mama. Nakuelewa. Haipandi."

Hapo ndipo nilipotazama pembeni. Kwenye benchi la kituo walikuwa wamekaa wanawake sita, kila mmoja na gunia au ndoo iliyofungwa kwa kitambaa miguuni pake. Walikuwa wamekataliwa wote, na walikuwa wakingoja Lassina achoke au alainike. Mmoja alitoka Banfora tangu alfajiri. Mwingine alikuwa na mwana Bouaké, mwingine ana dada aliyejifungua na hawezi kula chakula cha huko.

Hamidou alilitua gunia. "Kaka Lassina," aliuliza, "kama halinuki kwa nje, je?"

"Kwa nje lisinuke, kwa ndani linuke mpaka lipasuke. Hilo si shauri langu."

Niligeuka nikamkuta Hamidou ananitazama. Tangu Novemba tulikuwa tumepigana na harufu, na kumbe hakuna aliyetaka ife. Walitaka tu ikae pale ilipowekwa mpaka wao wenyewe waifungulie.

Wiki ile hatukulala mchana. Rosine alizunguka kwenye vibanda vinavyouza mayai ya kukaanga, akakusanya makopo matupu ya mayonezi, yale ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha. Tuliyaosha kwa maji ya moto na majivu. Hamidou alileta nta ya nyuki kutoka kijijini kwao. Sumbala ya Shangazi Mawa, ile ile inayonuka, tuliianika vizuri, tukaishindilia ndani, tukafunga kifuniko na kumimina nta pembeni.

Tulihitaji mtu wa kuijaribu, mwenye pua na asiye na habari. Jumatatu asubuhi tukaliweka kopo la kwanza ndani ya droo ya meza ya Bwana Somé.

Jumanne alifundisha kama kawaida. Jumatano, katikati ya somo la ushuru wa forodha, alisimama, akanyanyua kichwa kama mbwa wa mwindaji.

"Kuna mtu amevua viatu?"

Tukasema hakuna. Alizunguka darasa zima, akatuchungulia miguu, akafungua madirisha, akaendelea kufundisha akiwa amesimama mlangoni. Nta ilikuwa imepasuka kwa joto.

Kopo la pili tuliliongezea utepe wa mpira wa ndani wa pikipiki, umezungushwa juu ya nta ungali umevutika. Hilo lilikaa droo ile ile siku tisa, pamoja na siku ya upepo wa vumbi ambapo joto lilikuwa la kuokea mkate. Siku ya kumi Bwana Somé alifungua droo akitafuta kalamu.

"Hiki nini?"

"Kilo moja ya sumbala, mwalimu," alisema Hamidou. "Umekaa nayo wiki nzima na zaidi."

Bwana Somé alilipeleka kopo puani, akalizungusha, akalitikisa. Kisha akatoa kisu chake kidogo, akakata utepe na kufungua kifuniko. Safu tatu za mbele ziliinuka kwa pamoja.

"Ah," alisema, akifunga haraka. "Na siku ile ya forodha?"

Sote tukafungua madaftari. Alirudi nyuma kwenye kiti chake, na nilimwona akificha mdomo kwa daftari.

Lassina alikubali tuweke meza kituoni kwa sharti kwamba kila kopo lipite chini ya pua yake kabla halijapakiwa. Alifanya kazi ile kwa umakini wa daktari. Alikuwa anashika kopo, anafumba macho, ananusa kifuniko, kisha anasema "Panda" au "Rudi". Wanawake walileta sumbala yao wenyewe na sisi tukaifunga kwa malipo kidogo. Asiyekuwa nayo alinunua ya Shangazi Mawa na ya wenzake. Mwezi wa pili tulifunga makopo kila Jumamosi. Mwezi wa tatu ikabidi tufunge na Jumatano baada ya vipindi, na Rosine akawa anawafokea wauza mayai kwamba watu wa mji huu hawali mayonezi ya kutosha.

Hamidou alipanda juu ya sanduku na kutangaza. "Mama zangu, leteni. Hii imefungwa na Mfulani. Mnatujua sisi kwa kufunga maziwa yasimwagike. Mbobo mmoja tulimwachia afunge, kopo likamkimbia."

"Mfulani gani anaisifu sumbala?" mama mmoja alimjibu. "Kwenu si mnakunywa tu?"

"Kwetu sasa nalala na ndama, mama. Ndugu zangu wamenitoa chumbani. Wananiita Sanou."

Wanawake walicheka wakishika mbavu. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga utepe. Baadaye, tulipokuwa tunakunja meza, Hamidou aliniambia bila kuniangalia, "Ni kweli lakini. Wamenitoa chumbani. Nimefua shati hili mara nne."

"Ongeza ndimu kwenye maji ya mwisho," nilimwambia. "Na uanike lisiangalie upande wa jikoni."

"Ulikuwa unafanya hivyo?"

"Mwaka mzima."

Alikunja kitambaa cha meza kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Mtani hamwombi mtani radhi, hilo halipo. Alichukua tu lile sanduku la nta, ambalo lilikuwa zamu yangu kulibeba, akalibeba mpaka kwetu, na njiani akaniambia kwamba mbona Wabobo tuna miguu mifupi hivi, safari ya dakika kumi tunaifanya saa. Nikamwambia yake ni mirefu kwa sababu babu zake walikuwa wakikimbia deni la pombe.

Siku chache baadaye Salimata alipiga simu kutoka Abidjan, shangazi akaiweka kwa sauti ili wote tusikie. Alisema kopo tulilomtumia lilifika bila mtu ndani ya basi kujua. Alilifungua jikoni jioni, na kabla maji hayajachemka jirani wa juu, mwanamke ambaye walikuwa hawajawahi kusalimiana, alishuka ngazi na kugonga mlango, akauliza kwa Kijula, lugha ya masoko ya kwetu, "Dada, wewe ni wa wapi?" Alikuwa wa Orodara, mji wa jirani na wetu. Alikula palepale amesimama. Shangazi Mawa alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta jicho kwa ncha ya kanga, akasema moshi wa jikoni mwaka huu ni mkali.

Mwezi wa tano, kama ilivyokuwa imepangwa, Bwana Somé aliitisha mkutano wa wenye hisa ili kampuni ifungwe. Kila mmoja alirudishiwa chake na nyongeza. Shangazi Mawa alikuja amevaa nguo ya sikukuu, akakaa mstari wa mbele kwenye dawati dogo ambalo baadaye ilibidi tumsaidie kutoka.

"Sijaelewa," alisema ajenda ilipofika mwisho. "Kampuni inaumwa?"

"Hapana, mama," alisema Bwana Somé. "Iko vizuri sana. Ila ni ya masomo. Masomo yakiisha, inaisha."

"Kwa hiyo mnachinja ng'ombe wa maziwa kwa sababu mtoto amejua kukamua."

Bwana Somé alipanga upya karatasi za mkutano.

"Utaratibu ndio huo," alisema.

"Sawa. Fuateni utaratibu."

Tulipiga kura, mikono thelathini na miwili ikiwa juu na wa Shangazi ukiwa chini, na saa nne kamili asubuhi Pua Salama ikafungwa. Bwana Somé alitia sahihi, Hamidou akatia sahihi, mimi nikatia sahihi kama mkuu wa uzalishaji. Shangazi alingoja wino ukauke. Kisha akasema kwamba yeye, mke wa Lassina na wanne kati ya wale wanawake sita wa benchi la kituoni wamekubaliana kuianzisha yao saa nne na robo, kwamba wanahitaji msichana wa kufunga tepe wakati wa likizo na mvulana wa kupiga kelele juu ya sanduku, na kwamba jina wameshapata.

"Jina gani, mama?" aliuliza Rosine.

"Mawa na Mfulani Wake."

Hamidou alisimama kupinga. Shangazi alimwambia humo hana hisa, akae chini.